Maji Bila Muhuri: Habari, Hongo na Yakini katika Ungoni, 1905–1906

Katika mwaka 1905 mtu mmoja aitwaye Omari Kinjala aliingia Kitanda, kaskazini mwa nchi ya Wangoni, akiwa amechukua dawa na neno. Hakuwa na barua mkononi, wala muhuri wa mtawala, wala jeshi nyuma yake. Aliyempokea alikuwa mwanamke, Mkomanile, mkubwa wa Kitanda, naye ndiye aliyemfungulia njia ya kufika kwa Nkosi Chabruma wa Mshope. Haukupita muda mrefu jeshi la Wangoni likatawanywa kwa bunduki za rashasha. Na siku ya Jumanne, tarehe 27 Februari 1906, wakubwa wa nchi ile wakanyongwa mjini Songea. Miongoni mwao alikuwamo Mkomanile, mwanamke pekee katika kundi zima. Jina lake limebaki katika historia kwa jambo hilo moja kuliko yote: alipokea.

Kadhia ya maji husimuliwa aghalabu kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya dharau, kwamba watu wa bara walighuriwa na waganga wakasadiki kuwa risasi zitageuka maji. Ya pili ni ya fahari, kwamba makabila mengi ya kusini, yasiyokuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, yaliungana kwa siku chache dhidi ya dola yenye mizinga. Masimulizi yote mawili huliruka swali lililo zito zaidi. Mtu mwenye akili timamu, mwenye nchi na watu na jina la kupoteza, alipoletewa habari ya Ngarambe, aliipima kwa mizani gani?

Maana mizani ilikuwepo. Wakubwa wa Ungoni hawakuwa watu wa kubebwa na kila upepo. Walikuwa wana wa vita na wa safari, waliozoea kuletewa habari za uongo na za kweli kutoka pande zote, na nchi yao isingalidumu kwa miongo kadhaa lau wangalikuwa wepesi wa kuamini. Taabu ya mwaka 1905 haikuwa kwamba hawakupima. Taabu ilikuwa kwamba mizani yao ilipima mchukuzi, na haikuwa na namna ya kupima mzigo.

Inafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya safari ndefu na mafarakano mengi wakatua mashariki ya Ziwa Nyasa. Hapo zilisimama dola mbili: Mshope upande wa kaskazini, ambako mwaka 1905 alitawala Chabruma, na Njelu upande wa kusini, ambako alitawala Mputa Gama. Wengi wa waliokuwa wakiitwa Wangoni hawakutoka kusini kabisa. Walikuwa Wandendeule, Wamatengo na wengineo, waliotekwa au kuingizwa katika majeshi na nyumba za watawala. Chini ya kila nkosi walikuwapo manduna, na wengine kati yao walikuwa na nguvu zilizokaribia, au hata kupita, zile za bwana wao. Mmoja wa manduna wakubwa wa Njelu alikuwa Songea Mbano, ambaye jina lake ndilo lililokuwa jina la mji.

Basi Ungoni haukuwa na kitovu kimoja. Neno lililotaka kuenea katika nchi hiyo lilihitaji kupita kwa watu, na kila mtu alilipitisha kwa dhamana ya uso wake. Mgeni aliyetokea porini hakuwa na thamani. Mgeni aliyeletwa na mkubwa anayejulikana alikuwa amekwisha pata nusu ya ukweli wake kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana Kitanda ni muhimu katika habari hii. Kinjala hakuhitaji kuishawishi nchi nzima. Alihitaji mlango mmoja, na mlango huo ulikuwa na jina na heshima.

Kulikuwako, kwa kweli, muhuri mwingine katika nchi ile, nao ulikuwa wa Wadachi. Lakini huo ulikwisha jiharibia wenyewe. Mwaka 1897 Wajerumani walipofika Ungoni waliwaita wakubwa wa Kingoni barazani, na barazani humo wakawatia nguvuni mpaka wakaukubali utawala mpya. Boma likajengwa. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Na mwaka huo huo Wabenediktini wakafungua misheni ya Peramiho. Baadaye padri mmoja akakichoma kibanda cha mahoka, mahali ambapo nkosi wa Njelu aliwakumbuka wazee wake waliofariki. Kwa hiyo mwito wenye muhuri ulikuwa umekwisha kuwafundisha Wangoni kuwa karatasi ya serikali si dhamana ya ukweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Penye imani iliyovunjwa juu, watu hurudi kuaminiana chini, jirani kwa jirani, na hapo ndipo neno lisilo na muhuri lilipopata nguvu ambayo muhuri ulikuwa umeipoteza.

Chanzo cha neno kilikuwa mbali, upande wa Rufiji. Kijijini Ngarambe mtu aitwaye Kinjekitile Ngwale alipandwa na pepo mwaka 1904, akatangaza kwamba anayo dawa ya kuwaunganisha watu na kuwakinga na silaha za wageni. Dawa ilikuwa maji, yakichanganywa na mbegu za mtama na mafuta ya mbarika. Watu walikwenda kwa makundi, wakahiji Ngarambe kama wanavyokwenda kwenye ziara, wakarudi makwao na vikibuyu na maagizo. Habari ilikuwa ikipita chinichini kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita jujila: mtu humwambia ndugu, ndugu humwambia shemeji, na kila mmoja anamwambia yule anayemwamini tu. Serikali iliyokuwa imezoea kusikia kwa maakida na majumbe haikuisikia sauti hiyo mpaka ilipokuwa imekwisha enea.

Hatua ya kwanza, basi, ilikuwa na kisima kimoja. Aliyetaka yakini aliweza kwenda mwenyewe, akaona kwa macho, akauliza, akarudi. Lakini hatua ya pili ilikuwa ya namna nyengine. Dawa ilianza kuchukuliwa na wajumbe walioitwa hongo, kwa jina la pepo mwenyewe. Hongo hakuwa tarishi wa kufikisha salamu tu. Alikuwa na uwezo wa kuwanyunyizia watu maji hapo alipo, kuwawekea masharti, na kuwafanya nao wawe ndani ya ahadi. Kila alipofika palikuwa Ngarambe nyengine. Hapakuwa na daftari la mahongo, wala alama ya kumtofautisha wa kweli na wa kujitwalia, wala mahali pa kupeleka malalamiko.

Nguvu ya mpango huo ilionekana mara moja. Mwisho wa Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba huko Nandete, ile pamba ya shamba la kulazimishwa iliyoletwa chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen, na vita vikawaka. Masimulizi ya wazee yasema kwamba Kinjekitile mwenyewe alikuwa amewataka watu wangoje mpaka atoe amri, wao hawakungoja. Wajerumani walimkamata, na tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Mohoro. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alisema kuuawa kwake hakufai kitu, kwa kuwa dawa imekwisha fika Kilosa na Mahenge. Kama alisema hivyo, alisema kweli. Kukatwa kwa kichwa hakukukata habari, kwa sababu habari haikuwa tena na kichwa.

Lakini jambo hilo hilo lilikuwa na upande wa pili. Wangoni walipoingia vitani mwezi wa Septemba, mwenye dawa alikuwa amekwisha kufa mwezi mmoja nyuma. Hapakuwa na mtu duniani ambaye Chabruma angaliweza kumtuma mjumbe kwake akamwulize: Je, huyu Kinjala ni wako? Je, maagizo aliyoyaleta ndiyo uliyoyatoa? Neno lilikuwa limekuwa yatima, na yatima huchukua sura ya anayemlea.

Msomaji wa mwambao anakijua kipimo cha mambo haya, kwa kuwa amelelewa nacho. Wanavyuoni wa hadithi waliigawa kazi ya kuhakiki mafungu mawili. La kwanza ni sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, na kila mmoja huangaliwa uadilifu wake, kumbukumbu yake, na kama kweli alikutana na yule anayedai kumpokelea. La pili ni matini, yaani neno lenyewe: je, halipingani na lililo thabiti zaidi, au na akili na mambo yanayoonekana? Mnyororo safi hautoshi ikiwa matini ina kasoro. Katika Ungoni ya mwaka 1905 sanadi ilipimwa, kwa namna ya nchi ile. Kinjala aliletwa na Mkomanile. Mkomanile alijulikana na Chabruma. Na kutoka Mshope neno likavuka kwenda Njelu, kwa Mputa na kwa manduna wake. Kila mpokezi alikuwa mtu wa haki mbele ya yule aliyefuata. Matini ndiyo iliyobaki bila mpimaji. Maji yaweza kuizuia risasi? Jibu lilikuwa mahali pamoja tu, mbele ya mtutu wa bunduki, na aliyefika hapo hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma kutafakari.

Na hata jibu lilipopatikana, halikusafiri. Tarehe 30 Agosti 1905 Wambunga na Wapogoro waliishambulia boma ya Mahenge, wakaifuata dawa yao moja kwa moja mpaka kwenye bunduki za rashasha, wakaanguka kwa mamia. Mahenge iko kaskazini mwa Ungoni, ng'ambo ya nyika ambayo watu wa miguu walikuwa wakiivuka. Kwa hiyo kabla Wangoni hawajapiga pigo lao la kwanza, maji yalikuwa yamekwisha jaribiwa na kushindwa katika nchi ya jirani. Kwa nini Mshope na Njelu hawakuacha?

Sababu ya kwanza yatokana na umbile la mtandao wenyewe. Habari ya ushindi ilikuwa na wachukuzi: hongo alifunga safari kwa ajili yake, akalishwa, akaheshimiwa, akapewa nafasi barazani. Habari ya kushindwa haikuwa na hongo. Waliouona ukweli wa Mahenge walikuwa wamelala pale pale au wametawanyika msituni kuwatafuta watoto wao. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kutembea kijiji kwa kijiji akisema: Lile tulilowaambia si kweli. Lisemwalo lipo, na kama halipo liko njiani, walisema wahenga. Lakini hawakusema ni nani atakayelikuta njiani lile lisilokuwepo na kulirudisha.

Sababu ya pili imo ndani ya dawa. Maji yalikuwa na masharti. Mpiganaji aliyenyunyiziwa alitakiwa ajitenge na mkewe, asipore mali, asivunje miiko aliyopewa. Masharti haya yalikuwa na hekima ya kijeshi, kwa kuwa yaliwafanya watu wa makabila mbalimbali wawe jeshi moja lenye adabu. Lakini pia yaliifungia dawa mlango usioweza kupenywa na ushahidi. Aliyekufa alikuwa amevunja mwiko. Aliyepona ndiye dalili ya ukweli. Maiti hakuweza kujitetea. Habari ya namna hii, ambayo kila kinachoipinga hugeuka kuwa hoja ya kuithibitisha, ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kuihakiki, wala haikuanzia Ngarambe wala kuishia hapo.

Mwezi huo wa Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Si Wangoni wote walioshiriki. Wengine walisita, wengine wakangoja waone mwisho. Kisha tarehe 21 Oktoba 1905 kikosi cha Kapteni Nigmann, kilichotoka Mahenge, kikalikuta jeshi la Kingoni kambini karibu na Namabengo alfajiri, na bunduki za rashasha zikafunguliwa. Jeshi lilitawanyika, na kwa wengi hapo ndipo maji yalipokwisha. Siku moja ilimaliza hoja ambayo wiki nyingi za maneno hazikuweza kuimaliza.

Ajabu ni kwamba vita havikuisha. Wangoni waligawanyika makundi madogo, wakapigana vichakani kwa miezi mingi bila ya kuitegemea dawa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na wale wanaoona katika maji ujinga mtupu. Lau imani ya watu ingalikuwa katika maji peke yake, Namabengo ingalikuwa mwisho. Lakini kumbe maji yalikuwa yamefanya kazi mbili: yaliahidi jambo moja la uongo, na katika kuliahidi yakawafungamanisha watu kwa jambo la kweli, yaani kwamba kodi, kazi ya kulazimishwa na udhalilishaji vilikuwa vyao sote. Ahadi ilipopasuka, fungamano halikupasuka siku ile ile. Chabruma alivuka mto Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, akauawa huko. Mputa na Songea walishikwa.

Wajerumani nao walikuwa na namna yao ya kuhakiki, yenye faili, mashahidi na hukumu. Katika Februari 1906 wafungwa walihukumiwa Songea, na wengi wao, Mputa akiwa mmoja, wakabatizwa na padri kabla ya kupandishwa kitanzini. Kumbukumbu ya Songea huhesabu mashujaa 67. Nduna Songea Mbano hakunyongwa pamoja na wenzake tarehe 27; alinyongwa siku chache baadaye, na masimulizi ya mji yasema kwamba walitaka kumbakisha, naye akakataa uhai uliomtenga na waliotangulia. Nje ya mji mashamba na maghala yalichomwa kwa makusudi ili njaa imalize kilichosazwa na risasi. Wajerumani walikadiria waliokufa katika vita vyote kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Utawala uliokuwa ukihesabu rupia za kodi nyumba kwa nyumba haukuwahesabu wafu.

Na mwenye kitovu hutafuta kitovu. Von Götzen alipoandika kitabu chake juu ya vita hivi, kilichotoka mwaka 1909, aliona nyuma ya kila jambo njama ya waganga. Dola iliyojengwa kwa amri kutoka juu haikuweza kufahamu jambo lililokuwa likienda bila amri. Woga huo ulionekana tena mwaka 1908, ilipotokea Lindi barua iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad wa Madina, ikisimulia ndoto na kuwataka Waislamu watubu na kila anayeipata aieneze. Barua za namna hiyo zilikuwa za zamani, na zilikwisha julikana mpaka visiwa vya Mashariki ya Mbali. Wajerumani waliogopa maji mapya, wakaifuatilia mpaka Unguja, shaka yao ikamwangukia Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Basi mwambao wenye sanadi na vitabu ulikuwa nao na karatasi yake isiyokuwa na mwenyewe, iliyonakiliwa na watu wema kwa nia njema. Hakuna haja ya kuwacheka watu wa Kitanda.

Washairi waliliona swali hili mapema. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita vya Majimaji wakati wa Wajerumani wenyewe, akiutazama moto wa bara kutoka mwambao. Na utenzi huo hadi leo ni miongoni mwa hati adimu za vita hivyo zilizoandikwa na mwenyeji kwa lugha yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa mchezo wake Kinjeketile. Katika mchezo huo swali halipo tena kwa adui. Limo moyoni mwa mwenye maji mwenyewe, ambaye anaanza kulishuku neno lake na kukuta kwamba neno halimtii tena. Na anapodaiwa na waliomkamata alikane, hakubali. Mwandishi alifahamu jambo ambalo faili za serikali hazikulifahamu: kwamba neno likisha kuingia katika mikono ya wengi, aliyelitoa anakuwa msikilizaji kama wengine.

Wanahistoria nao walipitia mlango huo huo. Gwassa na John Iliffe, na baada yao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliotumwa mikoani mwaka 1968, walikusanya maneno ya wazee, na kutokana nayo ikajengwa picha ya vita vya umoja vilivyotoka Ngarambe na kuenea kote. Ilikuwa picha iliyoifaa nchi changa, na kwa sehemu kubwa ilisimama juu ya ushahidi. Lakini tangu miaka ya 1990 wengine, kama Marcia Wright, Jamie Monson na Thaddeus Sunseri, wameuliza upya: je, Kinjekitile alikuwa chanzo cha yote, au kila nchi ilikuwa na ugomvi wake, ikachukua maji kwa sababu zake? Mfano wa Ungoni waupa uzito upande wa pili. Chabruma hakuingia vitani kwa ajili ya pamba ya Matumbi. Aliingia kwa ajili ya nchi yake, na maji yalimpa wakati na washirika.

Liko swali moja la kuhakiki ambalo bado halijafungwa, nalo ni la mwili. Ukoo wa Songea Mbano huamini kwamba kichwa chake kilikatwa baada ya kunyongwa, kikachukuliwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi kwamba kichwa kitatafutwa, lakini hakuahidi kuwa kitapatikana. Miezi michache kabla ya hapo, huko Berlin, uchunguzi wa mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki ulikuwa umefanywa, na kwa njia ya vinasaba fuvu moja likathibitishwa kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Wachaga. La Meli mwenyewe halikuonekana. Hapa mambo yamegeuka. Wale waliowanyonga watu kwa kosa la kuamini habari isiyo na hati ndio walioyachukua mabaki ya watu na kuyaweka bila hati ya kutosha. Na wale walioambiwa kuwa hawana uthibitisho, wana sanadi: baba kamwambia mwana, mwana kamwambia mjukuu, kwa miaka zaidi ya mia na kumi.

Leo jujila imehamia kwenye simu, na mtu wa Songea na mtu wa Chakechake hupokea habari ile ile katika dakika moja, iliyosukumwa na shemeji, naye kaipokea kwa rafiki asiyemtaja. Watu wa mitandao wamejaribu dawa zao. Mtandao wa Twitter, ambao sasa huitwa X, ulikuwa na alama ya buluu ya kumthibitisha mwenye jina. Kuanzia mwisho wa mwaka 2022 alama hiyo ikawa kitu cha kununuliwa, na muhuri unaouzwa hushuhudia fedha, haushuhudii mtu. Wengine wamejenga mitandao isiyo na kitovu, kama Mastodon iliyoanza mwaka 2016, ambamo kila jumuiya hujitegemea, na mtu huthibitisha jina lake kwa kulifungamanisha na ukurasa mwengine unaojulikana kuwa ni wake. Ni sanadi kwa sura mpya, na ni jambo jema. Lakini hata hiyo humthibitisha mchukuzi. Inatuambia kwamba aliyesema ni yeye. Haituambii kama alilosema ni kweli.

Usisafirie nyota ya mwenzio, walionya mabaharia wa mwambao huu. Si kwamba mwenzio ni mwongo. Pengine ni mtu wa haki kuliko wewe. Ni kwamba nyota yake ameiangalia kutoka mahali pake, na jahazi lako liko kwengine. Mkomanile hakuwa na sababu ya kumdhania Kinjala vibaya, wala Chabruma hakuwa na sababu ya kumdhania vibaya Mkomanile. Kila kiungo cha mnyororo kilikuwa imara, na mnyororo wote ukafika Namabengo. Kilichokosekana si uaminifu. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kutoka Mahenge, mwenye jina linalojulikana Mshope, ambaye angalitembea zile siku za njiani akiwa na habari ambayo hakuna aliyetaka kuisikia, na mlango ambao ungalimfungukia kama ulivyomfungukia hongo.

Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwakumbuka walionyongwa. Majina husomwa, na la Mkomanile lipo. Si haki kulisoma kama jina la mwanamke aliyedanganywa. Alifanya kazi ambayo kila jamii humhitaji mtu wa kuifanya, ya kusimama mlangoni na kuamua nani aingie, na aliilipia kwa shingo yake, jambo ambalo wapokezi wengi wa habari, zamani na sasa, hawajapata kudaiwa.